BARAZA LA NYUMBANI: Mwalimu Atawaachia Nini Watoto Wake?

 Mwezi huu baraza letu lina barua moja tu. Nyingine zilifika kabla yake, nazo zitapata majibu kwa zamu yake. Lakini hii hatukuweza kuiweka kando.

Imetoka kwa mwalimu wa kijiji, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu amefundisha watoto katekisimu, ameongoza sala za asubuhi na jioni, na kuwazika wafu kila padre alipokuwa mbali. Jina lake hatulitaji, wala jina la kijiji chake, maana ndivyo alivyoomba. Tena mambo anayoyaeleza si ya kijiji kimoja.

Anasema ana mke na watoto watano. Nyumba yake ni ya udongo, na paa lake ni la nyasi, nayo huvuja upande wa jikoni. Mdogo wake, ambaye walikua pamoja wakichunga mbuzi, alikwenda mjini kufanya biashara, na sasa ana nyumba ya mabati, na duka, na shamba zuri la kahawa. Mwaka jana mama yao alifariki. Usiku wa matanga, wazee walipokuwa wakiota moto, yule mdogo alisema mbele ya watu wote: "Kaka, wewe umewatumikia watu wote isipokuwa watoto wako. Ukifa leo watarithi nini? Kengele?" Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka pamoja nao, lakini usiku ule hakupata usingizi. Basi anatuuliza: Je, ndugu yangu amekosea? Na kama amekosea, mbona maneno yake yananichoma hata leo?

Ndugu yetu mwalimu, barua yako tuliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Jibu letu la kwanza huenda lisikupendeze: mdogo wako hakukosea katika yote. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakuficha neno juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake mwenyewe, naye alimhesabu kuwa mbaya kuliko asiyeamini kabisa. Paa linalovuja jikoni si sadaka iliyotolewa kwa Mungu. Ni paa linalovuja, na mama mwalimu ndiye anayelowa. Likizo ijayo kata nyasi, uwaite vijana wa darasa wakusaidie, ulitengeneze.

Na hapa tuna neno kwa wazee wa Kanisa, nao tunajua ya kuwa husoma baraza hili. Yako makanisa ambayo mwalimu hulipwa sifa. Siku ya mavuno husimamishwa mbele ya watu, akasifiwa ya kuwa ni mtu asiyependa fedha, kisha watu wote hurudi kwao na vikapu vyao. Msifanye hivyo. Umaskini wa mwalimu si pambo la Kanisa. Mtu anayetaka kumsifu mwalimu kwa kuwa hapendi fedha, na ampe kwanza zile zilizo haki yake, ndipo itaonekana kama azipenda au hazipendi.

Tena, mwalimu, ulicho nacho, hata kikiwa kidogo, kiandike. Andika mipaka ya shamba lako kwa kutaja miti na mawe yaliyopo. Andika ng'ombe ni wa nani na nani anakudai. Weka karatasi hiyo kwa padre, na nakala yake apewe mkeo. Tumekwisha kuona wajane wengi wakitolewa katika nyumba walizozipiga udongo kwa mikono yao wenyewe, siku ile ile ya kuondoa matanga, kwa sababu marehemu aliona haya kunena habari za kufa kwake.

Hayo ndiyo tuliyo nayo juu ya mali, nayo ni mepesi. Lakini katika barua yako, karibu na mwisho, mna maneno mengine ambayo wewe uliyaandika ili kujifariji, na sisi tulipoyasoma tuliingiwa na hofu. Umesema hivi: mwezi wa Machi uliugua homa kwa majuma matatu, na katika majuma yale matatu kengele haikupigwa hata mara moja, watoto hawakusoma, wala hapakuwa na mtu wa kuwatazama wagonjwa. "Hapo," umesema, "ndipo watu walipoijua thamani yangu."

Ndugu yetu, mdogo wako alikuuliza watoto wako watarithi nini. Sisi twakuuliza kijiji kitarithi nini. Miaka ishirini na mitatu, na mtu mmoja akilala kitandani kengele hunyamaza! Nadhani mdogo wako, akilala mgonjwa majuma matatu, duka lake hufunguliwa kila siku, kwa sababu yuko kijana anayejua bei na anayeshika ufunguo. Katika jambo hilo mwenye duka ametupita.

Tukipenda kuona namna nyingine ya kuacha urithi, na tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana sana Uganda na Kongo, na ambaye kwa mali alikuwa na kidogo kuliko wewe.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864, pacha, naye aliitwa Waswa. Katika ujana wake aliona vita vile vya dini vilivyoitesa Buganda. Alikuwa kwanza upande wa Waislamu, akapata kuwa askari, tena alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyekuwa akifundisha na kupiga chapa karatasi za kusomea. Mwaka wa 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo. Watu wakamwongezea jina la pili, Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa kuwa alipenda kuvaa koti la askari pamoja na kanzu yake. Jina la mzaha hilo, nalo ndilo lililodumu. Posa yake haikutimia, maana yule msichana alifariki, na Apolo hakuoa tena maisha yake yote.

Akatumwa Toro, magharibi, kuwa mwalimu. Huko walikuwa wakitafuta watu wa kwenda mbali zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, mahali paitwapo Mboga, ambapo siku hizi huandikwa Boga, ukingoni mwa ule msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili walikuwa wamekwisha kwenda, nao wakarudi, kwa sababu mtawala wa huko, jina lake Tabaro, hakupendezwa nao, na chakula kilikuwa taabu kupatikana. (Msomaji wa Kiswahili atatabasamu: waliokwenda Mboga walikosa hata mboga.) Apolo akajitoa kwenda mahali pao. Alipita kandokando ya milima ya Ruwenzori, akavuka Semliki, akafika Boga mwaka wa 1896. Naye hakukaa kungoja kupewa chakula. Alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Twaomba walimu walitafakari jembe hilo. Halikuwa la kujionyesha mnyenyekevu. Mtu anayekula jasho lake hawezi kufukuzwa kwa njaa.

Akafundisha. Katika Uganda ya siku zile Wakristo waliitwa wasomaji, maana kuamini na kusoma vilikwenda pamoja. Naye aliyekwisha kuijua karatasi yake aliketi na mwenzake aliye nyuma akamwonyesha herufi. Hakungoja awe mwanachuoni. Aliyekuwa mbele kwa hatua moja alimshika mkono aliye nyuma kwa hatua moja. Hivyo ndivyo Boga ilivyoanza kusoma, na ndivyo ilivyopata walimu wake wa kwanza.

Tabaro hakuyapenda mambo hayo, hasa yale ya kukatazwa ulevi na wingi wa wake. Apolo alipigwa. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Watu walipokuwa wakikata majani ya kujengea, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akashtakiwa ya kuwa amemwua. Alifungwa, akapelekwa Toro, katika ngome ya Waingereza, mahali ambapo leo ni mji wa Fort Portal. Akakaa kifungoni akisingiziwa damu ya mtu, mbali na wale wachache aliowafundisha, bila kujua kama wataendelea au watatawanyika.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye ya kuwa katika mashaka yake yale alimwona Bwana Yesu, aking'aa kama jua, naye akamwambia ajipe moyo, kwa kuwa Yeye yu pamoja naye. Sisi hatuna mengi ya kuongeza juu ya habari hiyo. Aliyeiona ni yeye, na tangu siku ile, kwa ushuhuda wa watu waliomjua, hakuogopa tena. Mashtaka hayakuthibitika, akafunguliwa. Ungedhani atarudi kwao Buganda. Alirudi Boga.

Ndipo Tabaro alipoguswa moyo. Mtu aliyeagiza apigwe alimwona anakuja tena, bila askari wa kumlinda, wala hakudai fidia. Tabaro akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Nasi twaona jina hilo lilimfaa, maana Paulo wa kwanza pia alianza kwa kuwatesa watu.

Sasa sikiliza, mwalimu, maana hapa ndipo tulipokuwa tukienda tangu mwanzo. Katika mwaka wa 1899 Apolo aliitwa arudi Toro. Huko akapewa ushemasi mwaka wa 1900, na upadre mwaka wa 1903, akafanya kazi miaka mingi katika nchi ile, akianzisha makanisa pande zote za milima. Kwa zaidi ya miaka kumi makao yake hayakuwa Boga. Mtu aliyelianzisha Kanisa lile, aliyelilimia kwa jembe na kufungwa kwa ajili yake, hakuwapo. Je, kengele ilinyamaza? Haikunyamaza. Aliporudi kukaa, mnamo siku za ile Vita Kuu ya kwanza, alilikuta Kanisa liko. Watu walikuwa wameiendesha kazi hata ingawa mpaka wa Waingereza na Wabelgiji ulikuwa umepita katikati, Boga ikawa upande wa Kongo na wenzao wakabaki upande wa Uganda.

Na aliporudi hakuketi kwenye kiti cha mwanzilishi. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, umri ambao wengi wetu huanza kutafuta kivuli. Alielekeza uso wake msituni, kwa Wambuti, wale watu wafupi wa kimo ambao watu wa pwani waliwaita Mbilikimo, na ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alikwenda kwao, akakaa nao, akajifunza habari zao, na kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao ikafanyika. Angeweza kwenda msituni kwa sababu moja tu: nyuma yake, Boga, walikuwapo watu wa kupiga kengele.

Alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa mtu aliyeanza na jembe. Haikumbadilisha. Mshahara wake ulipita mikononi mwake kama maji, ukaenda kwa wahitaji na kwa watoto aliowalea nyumbani mwake. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa chake kikielekea mashariki. Yeye aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi haikuisha huko. Basi ukilitazama kaburi lake huoni mtu aliyestarehe akiyatazama aliyoyamaliza. Amelala akiwaonyesha wengine njia ya kwenda.

Nao walikwenda. Wanafunzi aliowalea, miongoni mwao Nasani Kabarole na Yusufu Limenya, walibaki na kazi mikononi mwao, na kwa miaka mingi Kanisa la pande zile liliendeshwa hasa na Waafrika wenyewe. Mwaka wa 1972 Boga ilifanywa kuwa dayosisi, askofu wake akiwa Philip Ridsdale. Mwaka wa 1992 Kanisa la Anglikana la nchi ile, iliyokuwa ikiitwa Zaire, likawa jimbo lenye kujitegemea, na askofu mkuu wake wa kwanza akawa Patrice Byankya Njojo, ambaye alikuwa askofu wa Boga. Hayo yote yalitoka katika shamba la mtu asiyekuwa na mtoto wa kumzaa.

Hatutaki kuisimulia habari hii kama hadithi tamu isiyo na machungu. Nchi ile imepata mateso makali. Mwishoni mwa mwezi wa Mei 2021, ndio mwezi aliofia Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi usiku, wakaua watu wengi, na siku chache baadaye hospitali ya Boga ikachomwa moto. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu wako Wakristo wanaodhani urithi ni majengo: hospitali yenye jina la fulani, kanisa lenye jiwe la fulani. Majengo ni mema, na mgonjwa hatibiwi chini ya mti kama dawa ipo na nyumba ipo. Lakini moto huyala katika usiku mmoja. Kilichobaki siku ya pili yake, kikikimbia njiani na watoto mgongoni na kubeba wazee, ndicho alichokiacha Apolo.

Sasa twajua utajibu nini, mwalimu. Utasema: Apolo hakuwa na mke wala mtoto, hakuwa na mdogo wake wa kumcheka kwenye matanga. Utasema kweli. Mtu asiye na watoto aweza kugawa mshahara wake wote asubuhi akalala njaa jioni, na njaa ni yake peke yake. Wewe huwezi, wala hatukuagizi. Katika hilo usimfuate Apolo. Mfuate katika lile jingine, la kuifanya kazi iweze kwenda bila wewe. Hilo halihitaji mtu awe bila mke. Wala halihitaji fedha.

Lakini lahitaji kitu kigumu kuliko fedha, nasi twajua, kwa kuwa lilitushinda. Tukubalie tuungame mbele ya wasomaji. Zamani, kabla ya kupewa kazi ya gazeti hili, tulikuwa walimu katika shule moja ya kijiji. Palikuwa na kabati la vitabu, vitabu sitini na zaidi, tulivyovikusanya kwa taabu. Ufunguo tuliuvaa shingoni. Watoto walipotaka kitabu walitujia sisi, nasi tulipenda kujiwa. Mwalimu msaidizi, kijana mpole, aliomba mara mbili apewe ufunguo siku za Jumamosi, tukamwambia vitabu vitachafuka. Tulipohamishwa tulifunga kabati vizuri, na katika haraka ya safari tukaondoka na ufunguo shingoni. Kijana yule aliona haya kuvunja kufuli la mkubwa wake. Baada ya mwaka tulipita pale tukafungua. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kwa nyuma, wakala vitabu vyote, wakabakiza majalada. Vilikuwa safi kwa nje, havina alama ya kidole cha mtoto hata mmoja.

Yule kijana hakutulaumu kwa neno. Alitupikia chai.

Basi tangu siku ile, tukisikia mwalimu akisema watu hawawezi lolote bila yeye, tunayakumbuka majalada yale.

Na kabla hatujaeleza la kufanya, tuna neno moja zaidi juu ya barua yako, nalo ni la mkeo. Umeandika katika mstari wa nne, "Mke wangu hana kazi." Halafu, mistari sita chini yake, umetaja ya kuwa usiku ule wa dhoruba hakuwapo nyumbani kwa sababu alikuwa ameitwa kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na ya kuwa huitwa hivyo mara nyingi. Ndugu yetu! Kama hiyo si kazi, kazi ni nini? Soma tena katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, habari za Dorkas wa Yafa. Hatuambiwi kama alikuwa na mume, wala kama alikuwa na watoto au shamba. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakutoa hotuba ya sifa zake. Walishika nguo mikononi. Mkeo akifa leo, watu watainua watoto aliowapokea, nao ni wengi pengine kuliko watu wote wa ubatizo ulioandikwa katika daftari lako. Muulize kama yuko mwanamke kijana anayekwenda naye usiku kubeba taa na kujifunza. Twaona yamkini yuko. Wanawake mara nyingi wametutangulia katika jambo hili, maana hawakupewa kengele ya kujivunia.

La kufanya ni hili. Umetuambia ya kuwa binti yako wa tatu, aliye na miaka kumi na minne, husoma vizuri kuliko wewe mwenyewe, na ya kuwa humsomea bibi yake kipofu kila jioni. Jumapili moja mpe somo alisome kanisani. Wazee wawili au watatu watanung'unika. Waache wanung'unike, mwezi wa pili watakuwa wamezoea. Mchukue kijana mmoja wa darasa la ubatizo uende naye kwa wagonjwa, na safari ya tatu umwache aombe yeye, nawe unyamaze, hata akikosea maneno. Kunyamaza huko kutakuwa kazi ngumu kuliko mahubiri yako yote. Daftari la wabatizwa na la wagonjwa liwe mahali panapojulikana na watu wawili zaidi yako. Wala usingoje uzeeke. Musa alikuwa na Yoshua pamoja naye tangu ujana wa Yoshua, akipanda naye na kushuka naye, miaka mingi kabla ya siku ile aliyopanda mlima asirudi.

Na watoto wako wote watano wajue kwa nini ulikaa. Hatudhani wanajua. Watoto wa walimu mara nyingi huona tu ya kuwa baba hayupo, na ya kuwa viatu vya watoto wa baba mdogo ni vipya. Kaa nao jioni moja uwaambie kwa maneno mepesi, bila kuhubiri, ulikuwa nani ulipoanza, na nani aliyekufundisha kusoma, na mtu yule alilipwa nini. Wapeleke wamwone mmoja uliyemfundisha ambaye sasa anafundisha wengine. Wakikuuliza kama ulipata kujuta, uwaambie kweli.

Juu ya mdogo wako, usimkasirikie. Alisema vibaya, mahali pabaya, na mama yenu hajapoa kaburini. Lakini alikuwa akilia msiba kama wewe, na wako watu ambao kilio chao hutoka kama mzaha. Nenda kamtembelee dukani kwake. Mwombe akuonyeshe jinsi alivyomfundisha yule kijana wake kushika hesabu. Atafurahi sana kuulizwa, nawe utajifunza.

Alikuuliza kama watoto watarithi kengele, nasi tumeona lilikuwa swali jema kuliko alivyodhani. Ulituandikia ya kuwa kengele yenu ni kipande cha chuma cha gurudumu la gari, kinachoning'inia mwembeni, na ya kuwa fimbo ya kukipigia huiweka wewe chini ya kitanda chako ili watoto wasiichezee. Iondoe chini ya kitanda. Ifunge kwa kamba pale pale mwembeni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuifikia. Kisha Jumatatu moja, ukiwa mzima, huna homa, kaa kitandani hata jua lichomoze, usikilize.

Tutangoja barua yako ya pili baada ya Krismasi, utuambie ni nani aliyeipiga.